Kujipa pole: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uzingativu na wema kwa nafsi

Maswali yaliyo hapa tumeulizwa na watu wa Moshi mjini na wa vijiji vya mlimani tangu tulipoanza kukutana kila Alhamisi jioni kufanya mazoezi ya uzingativu. Baadhi yaliulizwa mbele ya wote. Mengine yalinong'onwa mlangoni watu wakivaa viatu, na hayo ya mlangoni ndiyo tuliyoyajibu kwa urefu. Msomaji hana haja ya kufuata mpangilio. Aanzie pale panapomuuma.

Uzingativu ni kitu gani?

Ni kuielekeza akili kwa makusudi kwenye kile kinachotokea sasa hivi, katika mwili, katika moyo na mbele ya macho, bila kukimbilia kukisifu wala kukihukumu. Mtu anayekunywa chai kwa uzingativu anajua kwamba anakunywa chai: anasikia joto la kikombe, anaonja tangawizi, na mawazo ya ada ya shule yakija anatambua kwamba yamekuja, kisha anarudi kwenye kikombe. Zoezi lote ni hilo, na ugumu wake umo katika huko kurudi.

Mazoezi haya yana asili ya kale katika mafundisho ya Buddha huko Asia, ambako kwa lugha ya Kipali huitwa sati, neno linalobeba pia maana ya kukumbuka. Kwa namna tunayoifahamu leo yaliingia hospitalini mwaka 1979, pale Jon Kabat-Zinn alipoanzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, nchini Marekani, mafunzo ya majuma kadhaa kwa wagonjwa wenye maumivu sugu ambao tiba za kawaida hazikuwa zimewasaidia vya kutosha. Wagonjwa hao walifundishwa kuyatazama maumivu yenyewe na kuyatenga na hofu na hasira zinazoyazunguka.

Na “kujipa pole” kunaingiaje hapo?

Mtu akijikwaa sokoni Mbuyuni akaanguka na nyanya zake, tulio karibu tunasema pole kabla hajainuka. Hatuulizi kwanza kama alikuwa anatazama njia, wala kama viatu alivyovaa vinafaa kwa tope. Kiswahili kimetupa neno ambalo halina kesi ndani yake: tunampa aliyefiwa, aliyetoka safarini, aliye kazini, anayeumwa, na hata yule aliyejitakia mwenyewe. Sasa jiangalie siku unapojikwaa wewe, peke yako, pasipo mtu wa kukuona. Neno la kwanza linalotoka huwa “mjinga wewe”, au tusi ambalo haliandikiki hapa. Kujipa pole ni kuligeuza lile neno tunalowapa wengine bila kufikiri, likuelekee wewe uliyeanguka.

Aliyeliingiza jambo hili katika utafiti, mwaka 2003, ni mwanasaikolojia Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin. Alieleza kwamba wema kwa nafsi una sehemu tatu: kujitendea kwa upole pale ambapo ungejikaripia, kukumbuka kwamba kukosea na kuumia ni fungu la kila binadamu, wala si laana iliyokuangukia wewe peke yako, na uzingativu, yaani kuyaona maumivu kwa ukubwa wake halisi bila kuyafukia na bila kuyakuza. Hii ya tatu ndiyo inayofungua mlango, kwa sababu huwezi kumpa pole mtu ambaye hujaona kwamba ameumia. Wengi wetu tumeumia kwa miaka na hatujui. Tunadhani tuna hasira tu.

Huku si kujidekeza?

Swali hili huja mapema kila mara, na lugha yenyewe inachangia, kwa kuwa “kujihurumia” katika mazungumzo ya kawaida humaanisha kukaa pembeni ukijililia. Anayejililia huiona shida yake tu, na huamini kwamba hakuna aliyewahi kupatwa na kama hiyo. Anayejipa pole huiona yake ikiwa katikati ya za wengine.

Kuhusu kudeka, mfano mzuri tulipewa na mwongoza watalii mmoja wa mlimani. Kila siku huwaambia wageni “pole pole” mpaka wanachoka kulisikia, kwa sababu anajua kwamba anayepanda haraka huugua kwa wembamba wa hewa ya huko juu. Mgeni akianza kuumwa kichwa na kutapika akiwa ameshapita mita 4,000, humshika mkono, humpa pole, humpa maji, na dalili zikizidi humwambia kwa upole uleule kwamba sasa wanashuka, hata kama amebakiza saa chache kufika kilele cha Uhuru kwenye mita 5,895 na amelipa fedha nyingi. Mwenye kudekeza angemwacha aendelee kupanda, na mkali angemtukana kwa udhaifu wake. Mwenye upole humshusha. Baada ya kutueleza hayo yule bwana alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba yeye mwenyewe hajawahi kujishusha hata siku moja.

Nikiacha kujikaripia, bidii nitaipata wapi?

Wengi wetu tulilelewa kwa bakora, nyumbani na shuleni, na methali zikaitia nguvu: mchelea mwana kulia hulia yeye. Haishangazi basi kwamba mtu wa miaka arobaini anatembea na mwalimu wa zamu kichwani mwake, na anaamini kwamba siku mwalimu huyo akiweka fimbo chini, kazi zote zitasimama.

Mwaka 2012 watafiti Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha majaribio yaliyolipima jambo hili. Katika mojawapo, wanafunzi walipewa mtihani mgumu wa msamiati ambao ulitungwa uwashinde. Kundi moja liliambiwa kwamba ni kawaida mtu kuuona mtihani huo mgumu, na kwamba wasijilaumu kupita kiasi. Kundi la pili lilisifiwa, kwamba lazima wana akili kwa kuwa wameweza kuingia chuo hicho. La tatu halikuambiwa lolote. Walipopewa nafasi ya kujisomea kabla ya mtihani wa pili, waliosoma kwa muda mrefu zaidi walikuwa wale walioambiwa wasijilaumu.

Sababu haiko mbali. Anayeogopa fimbo hujifunza kuikwepa fimbo, na somo hubaki palepale. Paul Gilbert, mwanasaikolojia wa Uingereza aliyebuni tiba inayojengwa juu ya huruma, ameeleza kwamba tunapojishambulia tunaamsha mwilini hali ileile ya tahadhari inayoamshwa na adui wa nje: moyo hudunda, misuli hukaza, fikra hufinyika. Katika hali hiyo mtu anaweza kumkimbia nyati, lakini hawezi kukaa chini akatazama kwa utulivu kwa nini hesabu za duka hazikubali.

Lakini kosa langu ni la kweli. Nijipe pole kwa lipi?

Wa kwanza kuuliza hivyo alikuwa mweka hazina wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha, aliyegusa fedha za wenzake akitumaini kuzirudisha kabla ya mwisho wa mwezi, na mwezi ukaisha. Hatukumwambia kwamba hakukosea. Kujipa pole hakufuti deni, na yeyote anayekufundisha vinginevyo anakupotosha.

Tulichomwomba ni atenganishe hatia na aibu. Hatia husema, “Nimefanya jambo baya.” Aibu husema, “Mimi ni mtu mbaya.” Hatia ina mlango wa kutokea, kwa kuwa jambo lililofanywa linaweza kuungamwa, kulipwa na kuombewa radhi. Aibu humfanya mtu ajifiche, na aliyejificha halipi. Bwana huyo alikuwa amekaa miezi mitatu akipita njia za nyuma ili asikutane na mwenyekiti wake, akijiita mwizi usiku kucha, na katika miezi hiyo yote ya kujitesa hakuwa amerudisha hata shilingi elfu kumi. Usiku aliofanikiwa kujiambia kwamba ameumia, kwamba hofu ya kufukuzwa nyumba ndiyo iliyomsukuma, na kwamba watu wengine wenye hofu kama hiyo nao wamewahi kuteleza, hakulala kwa furaha, alilala tu. Asubuhi alipata miguu ya kwenda kikaoni. Walimweka kitimoto, na walikuwa na haki, kisha wakapanga naye jinsi ya kulipa kidogo kidogo.

Kujishughulikia hivi si ubinafsi?

Nitajibu kwa jambo langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimsahau mama yangu stendi. Alikuwa ametoka Same na kiroba cha mchele, nami nilikuwa nimeahidi kumpokea saa nane mchana. Nilikumbuka saa kumi na moja. Njia nzima kutoka stendi mpaka nyumbani nilijilaumu kwa sauti: mimi ni mtoto wa namna gani, sina faida, hata radhi za wazazi sistahili. Tulipofika ndipo mama aliposema, kwa sauti ndogo, kwamba hajala tangu asubuhi. Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa na shughuli nyingi ya kujipiga, naye akageuka mtazamaji, hata ikambidi mwenye njaa na uchovu anibembeleze mimi niliyemkosea.

Anayejilaumu huonekana mnyenyekevu, ila macho yake yote yamejigeukia. Laiti siku ile ningejipa pole kwa pumzi mbili tu, ningebaki na nafasi ya kumwona mama.

Je, mazoezi haya yanapingana na dini yangu?

Tunachofanya hakina sala, sanamu wala ubani, na hakuna anayeombwa kuacha au kuongeza chochote katika imani yake. Asili ya Kibuddha hatuifichi, kama ambavyo hakuna anayeficha kwamba kahawa yetu ilitoka kwingine kabla ya kuota mlimani. Mkristo atakumbuka kwamba amri ya kumpenda jirani imewekewa kipimo, nacho ni nafsi yake mwenyewe. Mwislamu atakumbuka maneno ya Salman al-Farisi kwa Abu Darda, yaliyothibitishwa na Mtume, kwamba Mola wako ana haki juu yako, ahali zako wana haki juu yako, na nafsi yako nayo ina haki juu yako. Mwenye shaka azungumze na mchungaji, padri au shehe wake. Tuna wazee wawili wa kanisa ambao hawakosi Alhamisi hata moja, ingawa mmoja wao, tukisema kweli, huja kusinzia.

Zoezi lenyewe hufanywaje?

La msingi huchukua kama dakika tatu, na linafaa kufanywa palepale unapoumia: ndani ya daladala, jikoni, nje ya ofisi ya bosi. Simamisha kwanza ulichokuwa unafanya na usikie nyayo zako zilivyogusa ardhi. Pumua taratibu, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, kwa kuwa kupumua hivyo hupunguza kasi ya mapigo ya moyo kupitia neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Kisha utafute mwilini mahali ambapo jambo lile limekaa, kwa maana kila jambo lina mahali pake: koo limekaba, tumbo limejikunja, mabega yamepanda hadi masikioni. Ukishapaona, pataje kwa maneno mepesi: “Hapa pananiuma.” Usieleze kwa nini. Maelezo yakianza, kesi imeanza.

Neno la pili ni “si mimi peke yangu”, na ukilisema uwafikirie watu halisi. Kama umefukuzwa kazi, wafikirie wengine waliofukuzwa mwaka huu. Kama umemfokea mtoto, fikiria ni wazazi wangapi, kati ya Pasua na Kiboriloni, wamemfokea mtoto asubuhi hiyohiyo na sasa wanajuta. Neno la tatu ndilo pole yenyewe. Weka kiganja kifuani, au ushike mkono mmoja kwa mwingine kama unavyomshika mfiwa, na ujiite kwa jina unaloitwa na wanaokupenda: “Pole, Mama Neema. Pole sana.”

Watu hucheka wanapofika kwenye kujiita kwa jina. Hata hivyo mwaka 2014 Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu aliye katika mfadhaiko, akizungumza na nafsi yake kwa kutumia jina lake badala ya “mimi”, hufadhaika kidogo kuliko wenzake. Jina humsogeza mtu hatua moja nyuma, akajiona kama anavyomwona mwingine, na mwingine tunajua jinsi ya kumpa pole.

Wapo wasiopenda kuguswa hata na mkono wao wenyewe, hasa waliowahi kuumizwa. Hao washike kikombe chenye chai ya moto, au wajifunike kanga vizuri mabegani, na waendelee.

Akili yangu haitulii hata sekunde kumi. Nimeshindwa?

Hapana. Anayelima kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba, kinachonyweshwa kwa mfongo, ule mfereji wa kienyeji, anaijua kazi hii tayari. Maji huyaelekezi kwa kuyakaripia. Unayageuza kwa udongo na mabua ya migomba, yakaenda upande unaoutaka, na yakibomoa kizuizi yakarudi njia ya zamani, unachukua jembe unaziba tena. Hakuna mkulima anayesimama kando ya mfereji akijiita mpumbavu kwa sababu maji yametiririka kufuata mteremko. Akili ina miteremko yake, mingine ya tangu utotoni. Kila unapogundua kwamba imekwenda, umeshafanya zoezi mara moja.

Mimi ni mama lishe, naamka saa kumi alfajiri. Muda huo niutoe wapi?

Usiutoe popote. Osha sahani tatu za kwanza kwa uzingativu, ukiyasikia maji na povu, na hizo nyingine osha unavyoosha siku zote. Pumzi tatu wakati unasubiri mafuta yapate moto zinatosha kwa kuanzia.

Nijipe pole kwa lugha gani?

Kwa lugha uliyobembelezewa nayo. Tuna wanachama ambao Kiswahili chao ni fasaha kuliko cha anayeandika hapa, lakini neno la Kiswahili huwagusa kichwani tu, wakati neno moja la Kimachame, Kirombo au Kipare huwashuka mpaka tumboni, kwa kuwa ndilo bibi alilowaambia walipochubuka magoti. Vilevile lipo la kuangalia: wengine huvamiwa na matusi kwa lugha ya nyumbani, kwa maana ndiyo waliyokaripiwa nayo, na hao Kiswahili huwafaa zaidi kwa sababu hakina fimbo ndani yake.

Kwa nini hali huwa mbaya zaidi mwezi wa Desemba?

Hili ni swali la kwetu hasa. Kuanzia katikati ya Desemba mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa, magari huongezeka katika barabara za kupanda Marangu na Machame, mbege hupikwa, mbuzi huchinjwa, na ukoo hukutana. Ni furaha ya kweli, na hatuna nia ya kuiharibu. Ila ndani yake umo mtihani usiotangazwa: nani kaja na gari gani, nani kajenga, watoto wa nani wanasoma wapi, nani bado hajaoa. Hakuna anayetoa alama kwa mdomo, na kila mtu anazisoma. Wapo ambao mwaka wa tatu sasa hawajafika kihambani kwa sababu “kazi imebana”, na ukweli ni kwamba kilichobana ni mfuko.

Kipimo hicho huumiza kwa sababu tumejizoesha kuijenga thamani yetu juu ya kuwazidi wenzetu. Neff ameandika sana kuhusu tofauti iliyopo hapa. Kujithamini kwa namna hiyo huja mtu anapofaulu na humkimbia anapoanguka, yaani huondoka saa ileile anapokuhitaji kuliko wakati wowote. Pole hufanya kinyume chake, kwa kuwa kuanguka ndiko kunakoiita.

Tunachopendekeza ni hiki. Kabla ya kuingia nyumbani, simama dakika mbili, ndani ya gari au chini ya mgomba, ufanye zoezi la maneno matatu. Ndani ya kikao, binamu anapoeleza jinsi nyumba yake ya pili ilivyofikia hatua ya kupaua, sikiliza tumbo lako, na ukikuta wivu useme kimoyomoyo, “Wivu upo,” kama unavyosema mvua ipo. Hujasema kwamba wewe ni mtu mwenye wivu. Umetaja hali ya hewa. Wengine hujifariji kwa kuhesabu mikopo ya binamu, lakini hiyo ni mizani ileile, umeishika upande wa pili tu.

Na asiyeweza kwenda, amwambie ukweli mtu mmoja. Dada mmoja wa kikundi chetu alikuwa ameshaandaa uongo mrefu kuhusu likizo iliyofutwa kazini, kisha akampigia kaka yake na kusema, “Mwaka huu sina.” Kaka alikaa kimya, akacheka, akasema kwamba hata yeye hana, na kwamba alikuwa akitafuta namna ya kumdanganya yeye. Waliongea saa nzima.

Nilianza zoezi nikalia, na nikajisikia vibaya kuliko mwanzo. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Christopher Germer, aliyeshirikiana na Neff kuandaa mafunzo ya majuma manane ya kujipa pole kwa uzingativu, ameazima mfano kwa wazima moto: katika chumba kilichofungwa moto hupungukiwa na hewa, na mlango ukifunguliwa ghafla, hewa mpya huingia na moto ukalipuka. Mtu ambaye hajawahi kujisemea jema, siku anapojisemea, hukumbuka nyakati zote alipolihitaji neno hilo na asilipate. Machozi hayo ni ya zamani, yamepata njia leo.

Mlango ufunguliwe kidogo kidogo. Ukizidiwa, acha maneno, fumbua macho, rudi kwenye nyayo, toka nje ukatazame miti, au acha zoezi kabisa kwa siku hiyo. Huko kuacha nako ni kujipa pole. Kufumba macho si lazima hata siku moja. Ila kama zinazorudi ni kumbukumbu za kupigwa, kubakwa au ajali, nazo zinakunyima usingizi, usiendelee peke yako. Uliza huduma za afya ya akili katika hospitali kubwa iliyo karibu nawe, kama Mawenzi au KCMC kwa walio Moshi na Mount Meru kwa walio Arusha. Ikiwa unawaza kujidhuru au kujiua, nenda leo hiihii, umwambie mtu mmoja unayemwamini akusindikize, na usibaki peke yako. Kikundi cha Alhamisi hakitoshi kwa jambo hilo.

Ninatumia dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Je, naweza kuziacha nikianza mazoezi?

Usiziache. Dawa hupunguzwa au kusimamishwa na daktari aliyekuandikia, wala si na mtu mwingine, hata awe mwalimu wa uzingativu mwenye vyeti vya kujaza ukuta. Mawili haya yanaweza kwenda pamoja. Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale waliandaa tiba inayounganisha uzingativu na tiba ya fikra, wakailenga kwa watu ambao sonona huwarudia, na mwaka 2004 taasisi inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza iliipendekeza kwa waliopatwa na sonona mara tatu au zaidi.

Mume wangu hunipiga. Mnaniambia nivumilie kwa upole?

Hapana, kabisa. Mtoto akigongwa na baiskeli, pole ya mama haiishii kwenye kufuta machozi. Mama huyohuyo hutoka barabarani kumkabili aliyegonga. Neff mwenyewe, katika maandishi yake ya mwaka 2021, amesisitiza kwamba wema kwa nafsi una upande mkali unaolinda, unaokataa na unaodai haki. Nyumba isiyo salama haiwi salama kwa sababu aliyemo amejifunza kupumua vizuri. Dawati la jinsia na watoto lipo katika vituo vya polisi kwa ajili hiyo, na ofisa wa ustawi wa jamii anaweza kukuelekeza. Ukitaka mtu wa kwenda naye, tuambie, mlangoni au popote.

Nitajuaje kama mazoezi yananisaidia?

Mwaka 2013 Neff na Germer walichapisha matokeo ya mafunzo yao, na washiriki, ambao wengi wao walikuwa wanawake waliojiandikisha kwa hiari, walikuwa wamepungukiwa na wasiwasi na sonona kuliko waliokuwa wakisubiri zamu. Mwaka mmoja baadaye nafuu hiyo ilikuwa bado ipo. Huo ni upande wa vipimo.

Kwetu, mabadiliko huanza madogo, na mara nyingi wa kwanza kuyaona ni watu wa nyumbani. Tusi la zamani bado linakuja, ila linachelewa, na katika ule upenyo unapata kusema jambo jingine. Mtoto akimwaga maziwa unasikia sauti yako ikisema “pole, lete kitambaa”, na unashangaa imetoka wapi. Wiki nyingine utajikaripia kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, kisha utajikaripia kwa kuwa umejikaripia. Hilo nalo lina pole yake.

Nikija mara ya kwanza nitalazimika kuzungumza?

Hulazimiki. Yupo baba mmoja, fundi magari, aliyekuja miezi minne bila kusema neno zaidi ya salamu, na hakuna aliyemsukuma. Tunakaa kwenye viti; chini hukaa anayependa tu. Yanayosemwa ukumbini hayatoki nje, na kwa mji kama huu, ambapo kila mtu ni shemeji wa mtu, sheria hiyo tunaishika kwa nguvu. Mwezi wa sita na wa saba njoo na sweta au shuka, kwa kuwa madirisha yetu mawili hayafungi vizuri. Ukichelewa, ingia taratibu. Kiti cha karibu na mlango huachwa wazi kwa ajili hiyo.